Kabla Fundi Hajapiga Windows

Jioni hii nataka tuzungumzie kauli moja ya mafundi wetu wa kompyuta: "Hii Windows imechoka, tuipige upya." Yaani Windows ifutwe na kuwekwa upya. Kauli hii inatembea Temeke yetu hapa Dar es Salaam, Chang'ombe, Keko, Tandika, mpaka Mtoni kwa Azizi Ally, na wenzetu wa Kinondoni wanayo pia. Hutolewa haraka, mara nyingine kabla hata mashine haijamaliza kuwaka. Na ugonjwa unaoleta hukumu hiyo mara nyingi ni huu: mafaili hayafunguki. Unabonyeza ile folda ya njano, kiduara kinazunguka, dirisha linapauka, juu yake yanatokea maneno mawili ya Kiingereza, Not Responding, na hapo usukume kipanya huku au kule hakuna kinachobadilika. Imeganda.

Sina ugomvi na mafundi. Wapo wazuri sana, wengine wamepita VETA hapa Chang'ombe, wengine wamejifunzia kwenye meza za Kariakoo, na wanafufua vitu ambavyo kwingine vingeishia jalalani. Hoja yangu ni ndogo tu: kompyuta ikiganda kwenye mafaili, kuna kitu inakisubiri. Ukikijua, mara nyingi kazi inaishia hapohapo nyumbani. Ukikimbilia kupiga Windows bila kukijua, utalipa, utapoteza vitu vyako, na ugonjwa unaweza kurudi uleule.

Huko kupoteza vitu ndiko kulikonileta hewani. Mtu wa nyumbani huhifadhi wapi? Pale mbele kwenye desktopu, na kwenye Documents. Kwa kawaida vyote viwili viko kwenye sehemu ya diski inayoitwa C, na hiyo C ndiyo inayofutwa fundi anapopiga Windows kwa njia ya haraka. Picha za kipaimara cha mtoto, hesabu za VICOBA, ripoti ya utafiti ya kijana wa mwaka wa tatu pale chuoni DUCE, vyote vinaondoka kwa maneno mawili: "Endelea, fundi."

Haya, tumjue mshtakiwa. Jina lake File Explorer, yule anayefungua mafaili. Alikuja na Windows 95, Agosti 1995, akachukua nafasi ya File Manager wa Windows 3.0 ya mwaka 1990, na mpaka ilipotoka Windows 8 mwaka 2012 alikuwa akiitwa Windows Explorer. Mfikirie kama karani wa masijala. Wewe umesimama dirishani, umetaja jalada unalolitaka, yeye ameingia stoo kulitafuta. Dirisha liko wazi, kiti kitupu, foleni nyuma yako inaguna. Unaweza kumlaani karani mpaka jioni, kumbe huko ndani ufunguo wa kabati haupo, au jalada lenyewe limeliwa na mchwa. Mkimfukuza kazi mkaleta karani mpya, naye ataingia stoo ileile, akwame palepale.

Sasa yale maneno Not Responding. Watu wanayasoma kama tangazo la msiba. Windows ina kanuni yake: dirisha likikaa sekunde 5 bila kuitikia, mfumo unalihesabu kuwa limeganda. Unaliweka pembeni, na mahali pake unasimamisha kivuli chake, picha ya mwisho ya dirisha lilivyokuwa. Ndiyo maana linapauka. Unachokitazama pale ni kivuli, na kubonyeza kivuli kwa hasira hakuharakishi kitu chochote. Maana ya maneno yale ni kwamba sekunde 5 zimepita bila jibu, basi. Huenda sekunde ya 20 karani akatoka stoo na jalada lako mkononi.

Niseme hili kando kidogo. Maneno hayo yangekuwa yanatokea kwa Kiswahili, hofu ingepungua nusu. Na jambo hilo halikuwa ndoto: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo baadaye ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Mimi hadi leo nikiingia steshenari sijaona mashine iliyowekwa Kiswahili. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Tuje kwenye huduma ya kwanza. Mwenye kalamu achukue. Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Vidole vya wengi vimezoea Ctrl, Alt na Delete, mchanganyiko uliobuniwa na mhandisi wa IBM, David Bradley, kwenye kompyuta yao ya mwaka 1981. Nao utakufikisha, ila unapita njia ndefu zaidi. Inafunguka Task Manager, orodha ya kila kinachoendelea ndani ya mashine. Tafuta Windows Explorer, lile jina la zamani la karani wetu. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Restart.

Hapa ndipo wengi wanapopata mshtuko. Mara tu ukibonyeza Restart, desktopu inapotea, ule mstari wa chini wenye saa nao unapotea, skrini inabaki tupu. Usichomoe waya! Huyo Explorer anayefungua mafaili ndiye pia anayechora desktopu na ule mstari wa chini. Ameondoka kidogo, atarudi. Asiporudi, kwenye ileile Task Manager tafuta Run new task, andika explorer, bonyeza Enter. Vitu vyote vitajipanga upya, na ile barua uliyokuwa unaiandika kwenye Word utaikuta palepale, kwa sababu Word hakuguswa.

Ikifanya kazi vizuri baada ya hapo, na isigande tena, shukuru, endelea na maisha. Ikiganda tena kesho, sasa ndiyo tuulize: inasubiri nini?

Kuna mwalimu mmoja wa sekondari anakaa Chang'ombe, maeneo ya Maduka Mawili. Aliniita nikapita kwake jioni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone maajabu. Hii kompyuta shuleni inakimbia, ikifika hapa nyumbani inagoma. Nimeshaambiwa ni umeme wa Temeke."

"Na fundi anasemaje?"

"Fundi? Anasema Windows imechoka. Namuuliza, imechoka vipi ikiwa asubuhi nilikuwa naifanyia kazi?"

Swali la mwalimu lilikuwa na akili kuliko jibu la fundi. Windows haichoki jioni ikaamka asubuhi. Kilichobadilika kati ya shule na nyumbani ni mtandao. Tukafungua This PC, tukasubiri, kiduara kikazunguka, na dirisha lilipokuja kufunguka, chini ya diski zake ilikuwapo nyingine yenye herufi Z na alama nyekundu ya X. Hiyo Z ilikuwa ni folda ya pamoja ya walimu, inayokaa kwenye kompyuta ya shule. Kila akifungua mafaili yake nyumbani, Explorer anaondoka kwenda kuitafuta shule, anabisha hodi kwenye mtandao ambao haupo, anangoja, anakata tamaa, ndipo anarudi kumfungulia mwalimu folda yake. Tulibonyeza ile Z kwa kitufe cha kulia, tukachagua Disconnect. Ikawa imekwisha. Shuleni ataiunganisha tena akitaka.

Ndiyo maana nasema sikiliza mwenendo wa ugonjwa kabla ya dawa. Inaganda muda wote, au ukiwa nyumbani tu? Inaganda folda zote, au moja? Inaganda ukiingia, au ukibonyeza kulia? Inaganda flashi ikiwa imechomekwa? Mwenye kompyuta ndiye shahidi, maana fundi haishi nayo.

Na flashi, msikilizaji, hebu tukae hapo kidogo. Maeneo ya vyuo steshenari haziishi. Flashi moja inaingia steshenari hii kuchapa, ile kuskani, inapita kibanda cha kuingiziwa muvi, jioni inaingia kwenye kompyuta ya nyumbani. Inasalimiana na mashine nyingi kwa siku moja, na kila mashine inaipa chake. Zamani kirusi kilikuwa kinajifungua chenyewe flashi ikichomekwa tu. Microsoft wakaubana mlango huo kuanzia Windows 7, na Februari 2011 wakaitumia hata mifumo ya zamani marekebisho hayo. Mwaka 2010 dunia ilikuwa imeshaona kirusi cha Stuxnet, ambacho kilihitaji tu Explorer aonyeshe aikoni ya faili lililoko kwenye flashi, hata bila kulifungua.

Virusi vya mtaani kwetu ni vya ujanja mdogo kuliko huo. Vinaficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Unafungua flashi unakuta vijishale, ukibonyeza unakiamsha kirusi, Explorer anaanza kuyumba. Mwenye flashi anadhani mafaili yamekufa, na hapo ushauri wa haraka ni kuiformati. Msifanye hivyo! Mafaili yapo. Kwanza skani flashi kwa antivairasi, hata ile ya bure inayokuja na Windows inatosha kuanzia. Kisha kwenye Explorer nenda View, washa Hidden items. Folda zisipoonekana hata hapo, fungua Command Prompt na uandike amri hii, nami naitaja polepole, tuseme flashi yako ni E: attrib, nafasi, kistari h, nafasi, kistari r, nafasi, kistari s, nafasi, E, nukta mbili, mkwaju unaolalia nyuma, nyota, nukta, nyota, nafasi, mkwaju wa kawaida s, nafasi, mkwaju wa kawaida d. Enter. Kijana akiwa karibu mpe aandike yeye. Folda zinarudi mwangani, na wewe unafuta vile vijishale.

Upo ugonjwa wa flashi usio na kirusi hata kimoja: flashi imechakaa, au imezoea kuchomolewa ikiwa bado inaandika. Explorer anaiuliza una nini, haijibu, anangoja. Kipimo chake ni rahisi mno. Kompyuta ikiganda, chomoa flashi. Dirisha likizinduka papo hapo, mhalifu uko naye mkononi. Hali ni hiyohiyo kwa kadi ya kamera na kwa waya wa simu.

Folda moja tu ikiwa ndiyo inayogandisha, na nyingine zinafunguka, tazama kilichomo. Kwa nyumba nyingi itakuwa ni Downloads, au ile folda zilikomwagwa picha na video za WhatsApp za miaka mitatu. Explorer akiingia humo anataka kukuchorea kipicha kidogo cha kila video, na ili akichore inabidi aifungue na kuichungulia. Sasa akutane na muvi iliyokatikia katikati kwa sababu bando liliisha, faili halina mwisho, mchoraji anazunguka mlemle. Bonyeza folda hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Customize, na pale palipoandikwa Optimize this folder for, chagua General items. Ukiwa ndani ya folda, View iwe Details. Unapoteza vipicha, unapata kasi. Na ile muvi nusu ifute, hutaiona mwisho wake.

Kama kubonyeza kushoto hakuna shida ila kubonyeza kulia ndiko kunakogandisha, mgeni yuko kwenye menyu. Programu nyingi zikiingia kwenye kompyuta zinajichomeka kwenye ile orodha ya kitufe cha kulia: za kubana mafaili, antivairasi, za kuhifadhi mtandaoni. Moja ikiharibika, Explorer anaingojea. Ushahidi unaupata ukiwasha kompyuta kwa Safe Mode, ambako wageni wengi hawapakiwi: shikilia Shift huku ukichagua Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Explorer akiwa mzima humo, rudi hali ya kawaida uondoe programu ulizoweka karibuni, moja baada ya moja. Nitaongeza kwa sauti ya chini kwamba vile viprogramu vya kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane imelipiwa, ambavyo kabla ya kuviweka unaambiwa zima antivairasi kwanza, ni vya kuangaliwa kabla ya vingine vyote. Anayekuambia uzime taa kabla hajaingia ndani ana lake jambo.

Kabla sijafika kwenye diski, mambo matatu ya kupita haraka. Explorer anatunza kumbukumbu ya mafaili uliyofungua karibuni, na kumbukumbu hiyo ikivurugika inamkwamisha anapofunguka tu. Kwenye Start tafuta File Explorer Options, bonyeza Clear, na palipoandikwa Open File Explorer to, weka This PC. La pili ni amri ya sfc, nafasi, mkwaju, scannow, inayoandikwa kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama Administrator. Inakagua mafaili ya Windows yenyewe na kuyarekebisha, haili bando. Ikisema imeshindwa, kuna ya pili: DISM, nafasi, mkwaju Online, nafasi, mkwaju Cleanup-Image, nafasi, mkwaju RestoreHealth. Hiyo inaweza kwenda intaneti kuchukua vipuri, kwa hiyo uwe na bando, kisha urudie ya kwanza. La tatu, unapowasha upya, chagua Restart. Tangu Windows 8, ukichagua Shut down mashine nyingi hazizimiki kikamilifu; sehemu ya mfumo inahifadhiwa ili kesho iwake haraka, na kilichokwama kinaweza kuhifadhiwa nacho. Wapo watu wanaozima na kuwasha usiku kucha wanashangaa ugonjwa hauondoki.

Sasa diski. Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo kupiga Windows kunaweza kuwa kosa kubwa.

Kwanza tukumbuke kompyuta zetu zilitoka wapi. Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo kompyuta sebuleni ni kitu cha juzi tu, na nyingi zilizoko Temeke zilianza maisha kwenye ofisi za watu Ulaya au Dubai, zikatufikia kwa kontena zikiwa na miaka yao mgongoni. Ukinunua mashine ya mtumba umenunua na diski ya mtumba. Kioo kinang'aa, kibodi imesafishwa, na ndani kuna sahani ambayo imeshazunguka mara 5,400 kwa dakika, miaka na miaka.

Ongeza umeme. Wenyeji wa Dar es Salaam wanaukumbuka mgao wa 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, haujaanza kuzalisha Februari 2024. Lakini hata siku zisizo na mgao, umeme wetu una mawimbi. Upande wa Keko kuna mafundi seremala na wachomeleaji, upande wa Barabara ya Nyerere kuna viwanda, mashine kubwa ikiwashwa taa za nyumbani zinakonyeza. Laptopu yenye betri nzima inavumilia. Tatizo ni kwamba laptopu nyingi za mtumba betri zake zilishakufa, zinatembelea waya wa ukutani. Waya ukiguswa na mtoto, au LUKU ikiisha saa tatu usiku, mashine inakatika ikiwa katikati ya kuandika. Windows inatunza daftari la mabadiliko ya diski, na ikiwaka inajaribu kupanga upya kilichovurugika, lakini faili lililokuwa linaandikwa dakika ile huenda likabaki nusu. Na diski ya sahani ikizimwa ghafla mara kwa mara, inaanza kuwa na sehemu zisizosomeka.

Diski ikifika kwenye sehemu kama hiyo haikati tamaa haraka. Inarudia kusoma, na kurudia tena. Wakati huo wote Explorer amesimama mlangoni anangoja. Ishara zake unaweza kuziona na kuzisikia. Weka sikio karibu na mashine: ukisikia tk, tk, tk ya kujirudia, ni dalili mbaya. Halafu fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Disk. Ukiona 100% huku kasi ya kusoma ni kilobaiti chache tu, na muda wa kujibu umefika maelfu ya milisekunde, hiyo diski inapumua kwa shida. Ikiwa 100% na kasi ni kubwa, huenda ni Windows inajisasisha tu. Iache imalize, na uombe umeme usikatike.

Diski ya namna hiyo usiipigie Windows. Kupiga Windows ni kuiandikia upya gigabaiti nyingi kwa mkupuo wakati haijiwezi hata kusoma. Hata ile amri ya kukagua diski, chkdsk, ambayo vijana wanaipenda, ukiiongezea kipande cha kutafuta sehemu mbovu, inaichosha diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwanza toa vitu vyako. Anza na visivyopatikana kwingine: picha za familia, maandishi, hesabu. Muvi ziache. Nakili folda ndogondogo, usiburute kila kitu kwa pamoja, kwa sababu faili moja bovu litakwamisha foleni yote. Ikiganda kwenye faili fulani, bonyeza Skip, endelea na linalofuata.

Kama hata kuwaka haiwaki, fundi anaweza kuitoa diski, akaiweka kwenye kava ya USB na kuichomeka kwenye mashine nyingine nzima. Hiyo ndiyo kazi ya kumlipa fundi, na ni kazi yenye heshima kuliko kupiga Windows. Mwambie hivi tangu mwanzo: "Fundi, nataka mafaili kwanza, Windows baadaye." Akikubali lakini akasema hana mahali pa kunakilia, nunua diski ya nje, au mpe flashi kubwa, kisha kaa umwangalie akifungua picha mbili tatu kuhakikisha zinafunguka kweli.

Baada ya hapo weka diski mpya ya aina ya SSD. Hiyo haina sahani inayozunguka wala sindano ya kusoma, na mashine iliyokuwa inachukua muda wa kupika chai kuwaka utaona inawaka upesi. Hapo sasa Windows ipigwe, kwa sababu diski ni mpya na ni tupu. Ukiwa na mashine yenye uwezo wa Windows 11, weka hiyo, kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Na ile diski ya zamani, msikilizaji, iombe. Usiiache mezani kwa fundi kwa sababu "ni mbovu." Diski iliyoshindwa kuwasha Windows bado inaweza kusomeka vipande vipande na mwenye muda na kava ya USB, na humo kuna nakala za vitambulisho, vyeti vya watoto, pengine na nywila zilizohifadhiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni sheria nzuri, lakini kumtafuta aliyenunua diski yako kwenye boksi la vipuri Kariakoo si kazi ya siku moja. Ifunge kwenye mfuko, andika jina lako na mwaka, uiweke kabatini.